Rudi kwa Anayekudai: Namna ya Kumaliza Deni la Miaka Mingi

Deni la mwezi uliopita humnyima mtu usingizi. Deni la miaka sita humbadilishia njia. Mtu huacha kupita mbele ya duka fulani. Huacha kwenda kwenye misiba ya ukoo kwa sababu anayemdai atakuwepo. Hubadilisha laini ya simu, na kwa laini hiyo hupoteza wateja na nafasi za kazi ambazo zingemfikia kwenye namba ya zamani. Wakati wote huo deni halijapungua hata shilingi. Kama ni la mkopeshaji, limeongezeka. Kama ni la ndugu, limeshaanza kuwagawa watoto wa nyumba moja.

Makala haya ni ya mtu huyo. Hayamhusu anayefikiria kukopa wala aliyechelewesha rejesho moja. Yanamhusu yule ambaye madeni yake yana umri, ambaye ameahidi na kuvunja ahadi mara nyingi hadi anaona haya kuahidi tena. Nina jambo moja la kumwambia, na mengine yote yanatoka humo: deni la siku nyingi huanza kuisha siku unapokwenda mwenyewe kwa anayekudai, ukiwa na hesabu ya kweli na kiasi ambacho hutashindwa kukitoa. Mdai aliyesubiri miaka hana upungufu wa ahadi. Anachokosa ni uhakika. Ukimpelekea uhakika, hata wa kiasi kidogo, umempa kitu chenye thamani, na juu ya kitu hicho mnaweza kupatana.

Daftari kwanza

Mali bila daftari hupotea bila habari, na deni bila daftari hukua bila habari. Kabla hujamkabili mtu yeyote, andika madeni yote: ya benki na ya dukani, ya kikundi na ya shemeji, kodi ya nyumba, ada ya shule, fundi aliyekujengea choo. Kwa kila deni jibu maswali haya: Nani anadai? Ulikopa lini? Ulipokea shilingi ngapi mkononi? Umesharudisha ngapi? Yeye anasema anadai ngapi leo? Kuna dhamana gani, au nani alikudhamini? Kuna maandishi gani?

Maswali ya kiasi ulichopokea na kiasi ulichorudisha ndiyo yenye uzito mkubwa. Wapo wakopeshaji wanaokata ada au riba ya mwezi wa kwanza kabla ya kukupa pesa. Ukasaini laki tano, ukaondoka na laki nne. Na mdaiwa aliyechanganyikiwa husahau hata alicholipa mwenyewe. Tafuta ushahidi. Kampuni za simu hutoa taarifa ya miamala, benki hutoa taarifa ya akaunti, na kikundi chako kina daftari la marejesho. Usitegemee kumbukumbu ya upande wowote, wa kwako wala wa mdai.

Kwa deni la taasisi, omba taarifa mpya inayoonyesha kila kipande peke yake: deni la msingi, riba, faini ya kuchelewa na gharama nyingine. Namba ya zamani inaweza kukutisha bure. Waliosoma Tanzania kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu wanalijua hili. Hadi mwaka 2021 deni hilo lilikuwa na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo na faini ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Serikali ikaziondoa mwaka huo. Anayekimbia hadi leo kwa sababu ya barua aliyoipata mwaka 2018 anakimbia hesabu iliyokwisha kubadilika.

Fanya kazi hii na mwenzi wako. Najua ni hatua ngumu kuliko zote, na ndiyo maana wengi huiruka. Lakini mpango wa kulipa unaofichwa ndani ya nyumba hauna maisha: mwezi wa pili tu utahitajika mchango wa harusi, na mwenzako hatajua kwa nini unasema hakuna.

Kiasi ambacho hutashindwa kukitoa

Kosa linalovunja makubaliano mengi hutokea mezani, mdaiwa anapotaja kiasi kikubwa ili aonekane mtu mwema. Hesabu yako ipige kwa mwezi mbaya, ule wa Januari wa sare na ada, au mwezi wa mvua ambao biashara inalala.

Tuchukue mfano wa mwalimu ambaye baada ya makato yote hubaki na shilingi 620,000. Chakula, pango, nauli, umeme, maji na mahitaji ya watoto vinamaliza 470,000. Anabakiwa na 150,000. Akitenga 20,000 kwa ajili ya dharura, kiasi cha kulipia madeni ni 130,000 kwa mwezi. Asiiguse ile 20,000, kwa sababu ugonjwa wa mtoto mmoja ukikuta mfuko mtupu utamrudisha kwa mkopeshaji yule yule.

Sasa tuseme nje ya makato ya mshahara anadaiwa 600,000 na kikundi, 160,000 za mkopo wa simu, 130,000 za duka la jirani, na 800,000 za mjomba wake tangu mwaka 2019. Jumla ni 1,690,000. Kwa 130,000 kila mwezi, na mkopo wa simu ukisimamishiwa faini, madeni yote yanaisha kwa miezi 13. Mtu amekwepa watu kwa miaka sita kwa sababu ya kazi ya mwaka mmoja na mwezi. Ndiyo faida ya kwanza ya daftari: linaonyesha ukubwa halisi wa kile kinachokuogopesha.

Kama hesabu yako inatoka miaka sita badala ya miezi 13, nalo ni jibu. Linakuambia kwamba kupunguza matumizi peke yake hakutatosha, na kwamba lazima uuze kitu au uombe kupunguziwa. Kiwanja kisichojengwa, pikipiki inayolala, ng'ombe wawili: ukiviuza mwenyewe kwa bei ya soko utapata zaidi kuliko vikiuzwa mnadani kwa haraka.

Nani atangulie

Madeni hayana haki sawa ya kuwa ya kwanza. Tanguliza lile ambalo kuchelewa kwake kunamwumiza mtu mwingine au kunakunyima riziki: lenye mdhamini, la kikundi ambacho wenzako wanachangishwa kwa ajili yako, na lililoshikilia nyumba au cherehani unayoshonea. Lifuate lenye riba kali, kwa sababu kila mwezi linazaa. Madeni madogo yasiyo na riba yaje baadaye, lakini usimwache yeyote bila kitu kabisa. Anayepata kidogo kila mwezi hana sababu ya kukutangaza.

Mwalimu wetu anaweza kupanga hivi: kikundi 60,000, mkopo wa simu 40,000, duka 20,000 na mjomba 10,000. Mwezi wa nne mkopo wa simu umekwisha, na pesa yake inahamia dukani. Mwezi wa tano duka nalo limekwisha. Kuanzia hapo mjomba anapata 70,000 kila mwezi, na kikundi kikiisha mwezi wa kumi, mjomba anapokea 130,000 zote hadi deni kumalizika. Kinachofanya kazi hapa ni kuhamisha pesa ya deni lililokwisha iende kwenye deni linalofuata bila kuipitisha kwenye matumizi. Wengi wakimaliza deni moja hujipongeza kwa kuongeza matumizi, na mpango unafia hapo.

Na uache kukopa huku kulipia kule. Mkopo wa kulipia mkopo una maana pale tu riba yake ni ndogo kwa wazi kuliko ya ule unaouzima, na ule wa zamani unafungwa siku hiyo hiyo. Vinginevyo umeongeza mdai.

Kwa ndugu, rafiki na jirani

Deni la ndugu halina riba, lakini ndilo lenye maneno mengi. Mjomba aliyekukopesha laki nane hakuziweka tu pembeni akisubiri. Kuna bati hakununua. Ukimkwepa, anachoumia nacho si pesa peke yake. Anaumia kwamba umemwona mjinga.

Nenda kwake, usitume ujumbe. Nenda siku isiyo na shughuli, si kwenye harusi wala matanga. Sema mapema kilichokuleta, kwa sababu akikuona atadhani umekuja kukopa tena. Maneno yanatosha kuwa haya: "Shikamoo mjomba. Leo nimekuja kwa ajili ya ile laki nane ya mwaka 2019. Sijaisahau, na nimekukosea kwa kukaa kimya. Sina yote. Nina elfu kumi hii ya leo, na kila tarehe mbili nitatuma elfu kumi, hadi mwezi wa tano ndipo nitaongeza. Naomba unipokee hivyo." Kisha nyamaza umsikilize. Atalalamika, na ana haki. Usijitetee kwa kusimulia shida zako tangu mwaka huo. Yeye pia alikuwa nazo. Usiende mikono mitupu hata kama unachobeba ni kidogo, maana pesa ya kwanza mkononi ndiyo inayomfanya aamini tarehe mbili.

Kama mmefikia hatua ya kutosalimiana, tafuta mtu mzima anayeheshimiwa na nyote: shangazi, mzee wa kanisa, imamu au mjumbe wa mtaa. Kazi yake ni kuwakutanisha na kushuhudia, asije kukuombea msamaha wa deni. Msamaha aseme mdai mwenyewe akitaka. Kwa Waislamu jambo hili lina msingi unaojulikana: Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, inamwelekeza mdai ampe muda mdaiwa aliye katika dhiki, na inaeleza kwamba kusamehe ni bora zaidi, na aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, inaagiza deni liandikwe na kushuhudiwa. Zote mbili zina kazi hapa. Omba muda, na muandikiane.

Ikiwa aliyekukopesha amefariki, deni halikuzikwa naye. Ni mali ya mirathi, na linalipwa kwa msimamizi wa mirathi, kwa risiti. Usimpe mtoto mmoja wa marehemu kimyakimya, maana wenzake watakudai tena. Na ujue kwamba kifo kikikukuta wewe, madeni yako yatalipwa kabla warithi hawajagawana. Pwani tumezoea kusikia msibani ikitangazwa kwamba mwenye kumdai marehemu aende kwa familia. Afadhali familia yako iwe na daftari la kuonyesha siku hiyo.

Kwa benki na taasisi za mikopo

Benki haikukasirikii. Inapiga hesabu, na ukijua hesabu yake utajua wakati wa kuzungumza. Mkopo ukipitiliza siku 90 bila malipo huhesabiwa kuwa chechefu, na benki hulazimika kutenga pesa kufidia hasara inayotarajiwa. Hivyo kabla ya siku 90 benki ina hamu ya kukusaidia ulipe kidogo kidogo, na hapo unaomba mkopo upangwe upya: muda uongezwe, rejesho lishuke. Uliza riba ya jumla itakuwa kiasi gani baada ya muda kuongezwa, ili ulinganishe kabla ya kusaini.

Baada ya miaka, hali ni nyingine. Deni huenda limeshafutwa kwenye vitabu vya benki. Hii haina maana kwamba umesamehewa. Bado wanalidai, na wanaweza kulipeleka kwa wakala wa kukusanya madeni. Lakini wameshalihesabu kama hasara, kwa hiyo kila watakachopata ni nafuu kwao. Hapo ndipo penye nafasi ya kuomba kulipa pungufu kwa mkupuo na deni kufungwa. Kenya imewahi kulifanya hili kwa mpango wa taifa zima: mwishoni mwa mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza utaratibu wa kuwapunguzia angalau asilimia 50 wadaiwa wa mikopo ya simu iliyokwama, wakamilishe kulipa kufikia tarehe 31 Mei 2023. Kwa hiyo usione aibu kuomba.

Omba kwa mpangilio. Kwanza faini ya kuchelewa ifutwe yote, kwa sababu ndiyo rahisi kwao kuiachia. Kisha riba iliyojazana ipunguzwe. Deni la msingi liguse mwisho, na tu ikiwa una mkupuo mkononi. Usitaje kiasi cha juu kabisa ulicho nacho katika kikao cha kwanza, wala usitaje pesa usiyo nayo. Afisa mikopo wa kawaida mara nyingi hana mamlaka ya kusamehe, kwa hiyo andika barua kwa meneja wa tawi au idara ya urejeshaji mikopo, ambatanisha ushahidi wa hali yako, iwe ni barua ya kupunguzwa kazi, cheti cha hospitali au hesabu ya mapato, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Msomaji wa Kenya ana silaha ya ziada. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia riba ya mkopo uliokwama isizidi deni la msingi lililokuwapo siku mkopo ulipokwama. Kama siku hiyo ulidaiwa shilingi 200,000, riba inayodaiwa juu yake haiwezi kupita 200,000 nyingine, hata miaka ipite kumi. Ukipewa taarifa inayosema 900,000, omba wakuonyeshe jinsi kifungu hicho kilivyozingatiwa.

Kama dhamana ni nyumba au shamba Tanzania, usisubiri dalali. Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji mwenye rehani atoe kwanza notisi ya siku 60. Siku hizo ni za kuchukua hatua, lakini mara nyingi mdaiwa huzitumia kuificha barua kabatini. Ndani yake unaweza kupatana, au kutafuta mnunuzi mwenyewe kwa idhini ya benki. Na kama ni nyumba ya ndoa iliyowekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, mwone wakili mara moja.

Kwa mkopeshaji wa mtaani na wa simu

Hapa ndipo watu wanapoumizwa zaidi, na mtaani mikopo hii imepewa jina linaloifaa: kausha damu. Jua sheria kabla ya kukaa naye. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha kwa biashara Tanzania lazima awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, ambao ndio wengi tunaokutana nao.

Pima tofauti yake. Umekopa 500,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Baada ya miezi 10 riba peke yake ni 1,500,000. Kwa asilimia 3.5, riba ya miezi hiyo ni 175,000, na jumla ya kulipa ni 675,000. Ikiwa umeshampelekea 900,000 na bado anasema unadaiwa milioni, usiende kwake ukiwa umeinamisha kichwa. Nenda na daftari, na shahidi. Mwambie kwa adabu: "Nilipokea laki tano, nimerudisha laki tisa, na miamala yote hii hapa. Kwa kiwango cha Benki Kuu nisingezidi laki sita na sabini na tano. Naomba tuandikiane kwamba tumemalizana." Wengi hulegea hapo, kwa sababu anayekopesha bila leseni hataki kuifikisha hesabu yake mahakamani.

Kuhusu kadi ya benki na namba ya siri: mkopeshaji hana haki ya kushikilia kadi yako na kujitolea mshahara wako. Kama ameishika, nenda benki uizuie na utengeneze nyingine, kisha mpe mpango wako wa kulipa kwa maandishi. Kuchukua kadi yako si kukimbia deni. Anayelipa kwa hiari yake ndiye anayeweza kupatana.

Kwa mikopo ya simu, angalia kwanza kama anayekudai ana leseni. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Wanaotuma ujumbe kwa ndugu na wakuu wako wa kazi kukuaibisha wanavunja haki zako. Malalamiko yapeleke Benki Kuu na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ukiwa umehifadhi picha za jumbe hizo. Kenya nayo, kwa kanuni za mwaka 2022 za wakopeshaji wa kidijitali, imepiga marufuku matusi, vitisho na kupigia watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa.

Maandishi kabla ya pesa

Kanuni hii usiivunje kwa mtu yeyote: makubaliano ya kupunguziwa deni yaandikwe na kusainiwa kabla hujatoa mkupuo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inamruhusu mdai kupokea pungufu na kusamehe kilichobaki, lakini bila karatasi utathibitishaje kwamba alisamehe? Pesa uliyolipa itahesabiwa kama rejesho tu, na meneja mpya mwakani ataanza upya.

Karatasi yenyewe si lazima iwe na lugha ngumu. Inaweza kusema hivi:

"Leo tarehe …, mimi (mdaiwa) na mimi (mdai) tumekubaliana kwamba deni linalotokana na mkopo wa tarehe … litalipwa kwa shilingi …, badala ya shilingi … zilizokuwa zikidaiwa. Malipo yatafanyika kwa (mkupuo, au awamu za shilingi … kila tarehe …) kupitia akaunti au namba … yenye jina la mdai. Malipo hayo yakikamilika, deni lote limekwisha pamoja na riba na faini, na mdai hatadai chochote zaidi kutokana na mkopo huo. Mdai atarudisha dhamana hii: … ndani ya siku saba."

Yafuate majina kamili, sahihi za wote wawili, na mashahidi kila upande. Ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji ni mahali pazuri pa kusainia. Lipa kwa akaunti au lipa namba yenye jina la mdai, kamwe usimtumie afisa kwenye simu yake binafsi. Ukidaiwa mikopo miwili na mtu mmoja, andika kila pesa inalipia upi, maana usiposema, mpokeaji anaweza kuielekeza anakotaka.

Vitisho na kweli ya sheria

Wadaiwa wengi wanasaini makubaliano mabaya kwa hofu ya kufungwa. Polisi hawana kazi ya kukusanya madeni ya kawaida; kukopa kwa nia njema na kushindwa kulipa ni shauri la madai. Jinai inaweza kuingia kama ulidanganya ili upewe pesa, kwa mfano kwa hati ya kughushi. Kifungo cha madai kipo katika sheria ya Tanzania, lakini huja baada ya hukumu ya mahakama, kwa maombi ya mdai ambaye hugharimia matunzo ya mfungwa. Hata mahakama ikiamuru mali ikamatwe, nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na zana za fundi haviguswi. Na kwa mshahara, kanuni ya Tanzania ni kwamba mtumishi abaki na angalau theluthi moja. Kenya vilevile makato yote yasizidi theluthi mbili.

Lipo pia suala la muda. Tanzania na Kenya, shauri la mkataba lina ukomo wa miaka sita. Malipo kidogo au maandishi ya kukiri deni kabla ya muda huo kwisha huanzisha hesabu upya, kwa hiyo ukipata barua ya deni la zamani sana kutoka kampuni usiyoijua, pata ushauri kabla ya kusaini. Kama huna pesa ya wakili, tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Tanzania ya mwaka 2017 iliwapa wasaidizi hao utambulisho rasmi, na hawatozi. Lakini niseme wazi ninavyoamini: ukomo wa muda hufunga mlango wa mahakama, haufuti ukweli kwamba mtu alikupa pesa yake. Uutumie kujikinga na madai ya uongo na riba ya kinyama. Usiutumie kwa jirani aliyekufungulia duka usiku mtoto wako alipokuwa anaumwa.

Mwezi ukikushinda, na siku ukimaliza

Itatokea tarehe mbili ikufikie huna kitu. Usisubiri tarehe tatu. Piga simu tarehe 30, sema utatoa kiasi gani na lini, na utume hata nusu. Mdai anayepigiwa kabla hubaki upande wako. Anayepiga yeye mara tatu bila kupokelewa anarudi pale alipokuwa miaka yote, na safari hii hatakubali kuandikiana.

Siku ya mwisho ya malipo usiondoke bila karatasi. Kwa taasisi omba barua ya kumaliza mkopo, hati yako, na rehani ifutwe kwenye ofisi ya ardhi. Baada ya wiki chache omba ripoti yako kwa taasisi ya taarifa za mikopo uone kama deni linasomeka limelipwa. Likiwa bado, peleka barua yako wasahihishe. Usimlipe anayejitangaza kwamba anasafisha majina kwa ada, kwa sababu rekodi hiyo hurekebishwa kwa kulipa deni na kudai marekebisho, na hilo unalifanya mwenyewe. Kwa mjomba na jirani, karatasi ya mkataba ichanwe mbele yenu, au iandikwe "imelipwa" na kusainiwa. Karatasi zako nyingine zihifadhi, na mwenzi wako ajue zilipo.

Mwezi unaofuata, ile 130,000 iliyokuwa inakwenda kwa wadai usiirudishe jikoni. Umeshazoea kuishi bila hiyo. Ipeleke kwenye akiba yako kwa tarehe ile ile mwaka mzima, na utakuwa na 1,560,000. Pesa hiyo ndiyo itakayolipa ada ya Januari na daktari wa ghafla, mambo yale yale yaliyokupeleka kwa mkopeshaji mwanzoni.

Basi usianze na deni lililo rahisi. Anza na yule unayemkwepa kuliko wote. Wiki hii piga hesabu, tenga kiasi hata kama ni elfu kumi, uende kwake mchana ukajitambulishe kama mtu anayelipa.